Mama Wakili Anajibu: Msemo wa jukwaani ni mali ya nani?

Kwa kawaida mnaniandikia kuhusu mirathi, mipaka ya mashamba na waajiri wasiolipa. Safari hii bahasha nyingi zimebeba jambo moja: maneno ambayo mashabiki wa timu za vyuo huyaimba uwanjani, mtu akayachapa kwenye tisheti, halafu mwingine akajitokeza kusema ni yake. Nimechagua barua nne. Ya kwanza imenikaa moyoni, na ndiyo nitakayoijibu kwa kirefu. Majina ya watu na ya vyuo nimeyaondoa.

Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni kijana wa Mwanjelwa, naprinti tisheti. Mwaka jana kwenye mechi za vyuo, wanafunzi wa chuo kimoja hapa Mbeya walianza kuimba "Juu Hatushuki". Nilikuwepo jukwaani. Aliyeanzisha ni mteja wangu, wenzake wakadaka, uwanja mzima ukaitikia. Wiki iliyofuata nikaziprinti. Jina la chuo sikuweka, nembo sikuweka, ni hayo maneno tu na milima niliyoichora mwenyewe. Zilitoka sana. Mwezi uliopita nimeletewa barua yenye mhuri wa chuo, inasema msemo ni wao, niache mara moja, nisalimishe tisheti zilizobaki na nilipe milioni mbili ndani ya siku kumi na nne. Nimeandika barua ya kuomba muda, wamenikubalia. Tisheti nimezificha kwa shangazi. Nimevunja sheria? Na mtu anawezaje kumiliki maneno yaliyotoka vinywani mwa watu? (Mprinti, Mwanjelwa)

Marahaba, mwanangu. Kabla sijagusa sheria: zitoe hizo tisheti kwa shangazi. Mzigo uliofichwa unakufanya uonekane mwizi kabla hujasikilizwa, tena unamtia shangazi kwenye ugomvi usiomhusu. Zirudishe kibandani, zihesabu, zipige picha. Weka pamoja risiti za tisheti tupu ulizonunua na ujumbe wa simu wa mteja wa kwanza kuagiza. Simamisha mauzo kwa sasa, lakini usisalimishe hata moja, na hiyo milioni mbili usilipe.

Picha ya barua uliyonitumia nimeisoma kwa makini. Juu ina nembo, chini ina mhuri wa bluu na saini mbili, katikati kuna aya yenye maneno makali: "matumizi haramu ya hakimiliki ya chuo". Nilichokuwa nakitafuta sikukiona. Hakuna namba ya usajili, hakuna tarehe ya usajili, wala hakutajwa bidhaa ambazo usajili huo unazihusu. Mwenye alama iliyosajiliwa huanza na hayo, maana ndiyo yanayompa nguvu. Aliyeandika barua hii ametegemea mhuri ukutishe.

Tena ametaja haki isiyohusika. Hakimiliki hulinda kazi za ubunifu kama wimbo, kitabu au mchoro, chini ya sheria ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Maneno mawili ya kushangilia hayapati ulinzi huo, yawe ya chuo au ya yeyote. Lakini ile milima uliyoichora kwa mkono wako ni kazi ya sanaa, na haki yake ni yako tangu ulipoimaliza. Siku chuo kikiichukua na kuitia kwenye tisheti zake, wewe ndiye utakayeandika barua.

Kinachoweza kumilikiwa hapa ni alama ya biashara. Inatawaliwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, Sura ya 326, na Msajili wake yuko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Sheria hiyo haimruhusu mtu kushtaki kwa kuingiliwa alama ambayo hajaisajili. Kwa hiyo swali lako kwa chuo liwe fupi: namba ya usajili ni ipi, na ni ya daraja gani? Bidhaa na huduma zote zimegawanywa kwenye madaraja 45. Mavazi yako daraja la 25. Elimu, burudani na michezo ziko la 41. Huku kwetu kila daraja huombewa peke yake. Chuo kinaweza kuwa na usajili mzuri kabisa kwenye 41 na kisiwe na chochote kwenye 25, ambako ndiko tisheti zako zilipo. Wala usikae kusubiri wakujibu. Omba BRELA wakufanyie upekuzi rasmi wa maneno hayo, upate jibu la maandishi.

Ukikuta ombi la chuo lipo lakini usajili bado, hujachelewa. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la alama, na kuanzia siku ya tangazo kuna siku 60 za kuweka pingamizi. Hapo risiti zako na ule ujumbe wa simu vina kazi kubwa, maana vinaonyesha nani aliyeanza kuupeleka msemo huo sokoni, na lini.

Sasa swali lako la pili, ambalo nadhani ndilo linalokuuma zaidi. Jibu ni kwamba inawezekana. Mfano unaojulikana kuliko yote uko Marekani, ambako michezo ya vyuo ni biashara kubwa. Tarehe 2 Januari 1922, mjini Dallas, timu ya chuo cha Texas A&M ilikuwa ikicheza mpira wa Kimarekani dhidi ya chuo cha Centre, na wachezaji wake wakawa wanaumia mmoja baada ya mwingine. Mwanafunzi aitwaye E. King Gill, aliyekuwa ameshaiacha timu hiyo na kuhamia mpira wa kikapu, aliitwa kutoka jukwaani. Akavaa jezi, akasimama pembeni ya uwanja akisubiri zamu yake. Hakuingia. Timu yake ilishinda 22 kwa 14 bila yeye kugusa mpira. Wanafunzi wa chuo hicho hadi leo husimama mechi nzima kwa kumbukumbu hiyo, na jina lao ni "12th Man", mchezaji wa kumi na mbili. Chuo kilisajili msemo huo mwaka 1990.

Baada ya usajili kukaja madai. Klabu ya mpira huohuo ya Seattle Seahawks, ambayo tangu 1984 ilikuwa imeitenga jezi namba 12 kwa heshima ya mashabiki wake, ilishtakiwa na chuo Januari 2006. Mwezi Mei wakapatana: klabu iliruhusiwa kuendelea kuutumia msemo kwa kulipa dola 100,000 za kuanzia na dola 5,000 kila mwaka. Indianapolis Colts nao walishtakiwa Novemba 2015, na Februari 2016 wakakubali kuuacha kabisa. Kwa hiyo atakayekwambia maneno ya mashabiki hayamilikiki, mwambie yanamilikika, na watu wazima wenye mawakili wa gharama wamelipia.

Hata hivyo watangazaji wetu wa redio husema "mchezaji wa kumi na mbili" kila timu inapocheza uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, na hakuna anayedaiwa na Texas. Alama iliyosajiliwa nje haivuki mpaka yenyewe. Haki yake inaishia katika nchi iliyoisajili. Na zaidi ya hapo, mtangazaji hauzi bidhaa kwa maneno hayo. Kazi ya alama ni kumwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Maneno yasiyofanya kazi hiyo si alama, hata yaimbwe na uwanja mzima.

Chukua tisheti yako moja uitandike mezani. Kifuani, "Juu Hatushuki" imeenea kutoka bega hadi bega, na milima imekaa chini yake. Anayeivaa anatangaza mapenzi yake. Geuza kola, utazame ile lebo ndogo iliyoshonwa shingoni. Pale ndipo mnunuzi husoma aliyeitengeneza. Chuo cha Ohio State kilipoomba mwaka 2019 kusajili neno la Kiingereza THE, ambalo watu wake hulikazia sana wanapotaja jina la chuo, ofisi ya alama ya Marekani ilikataa kwanza, na moja ya sababu ilikuwa hiyo: neno limewekwa kama pambo, halimwonyeshi mnunuzi chimbuko la bidhaa. Chuo kikarudi na ushahidi zaidi, kikapatana pia na kampuni ya mitindo ya Marc Jacobs iliyokuwa imetangulia kuliomba neno hilohilo, na Juni 2022 kikapewa usajili. Lakini ni kwa mavazi yanayouzwa kwenye biashara ya michezo na vyuo tu. Mimi sikuufurahia uamuzi ule. Neno ambalo kila anayesema Kiingereza analihitaji kila sentensi lingeachwa huru, hata kwenye kofia.

Kisa kinachofanana zaidi na chako hakihusu chuo, kinahusu klabu ya mpira wa Kimarekani ya New Orleans Saints. Januari 2010, timu ikiwa inaelekea fainali ya Super Bowl, ligi ya NFL iliwaandikia wauza tisheti wa mji ule waache kuchapa "Who Dat", yaani "Nani huyo". Watu wa mji walikuwa wakiimba hivyo miaka mingi. Wauzaji walikuwa wadogo, wa vibanda na maduka ya mtaani kama wewe. Wananchi wakakasirika, Seneta David Vitter akaandika kupinga, na haukupita muda ligi ikajieleza upya: inachokataza ni maneno hayo kuunganishwa na nembo na alama nyingine za klabu. Barua ya kwanza haikuwa hukumu, na yako pia siyo.

Nikuonyeshe sasa upande wako dhaifu, maana nisipokuonyesha mimi atakuonyesha wakili wa chuo. Hata bila usajili, chuo kinaweza kukushtaki kwamba umeuza bidhaa yako kana kwamba ni ya kwao. Hakimu ataangalia mnunuzi wa kawaida alielewa nini. Tisheti zilikuwa za rangi gani? Uliziuzia wapi? Kuna mtu ulimwambia ni "tisheti za chuo"? Kama ulizitundika kibandani Mwanjelwa kati ya tisheti zako nyingine, unasimama vizuri. Kama ulizipiga rangi za chuo na kuzimwaga getini kwao siku ya mahafali, kukutetea kutakuwa kugumu, na nisingekushauri ubishane.

Usimsahau yule mteja wako aliyeanzisha. Sheria haimpi umiliki kwa kuwa wa kwanza kutamka. Umiliki wa alama hutokana na kuitumia kwenye biashara na kuisajili. Lakini wewe umepata riziki kwa sauti yake, na ni haki umkumbuke.

Wajibu kwa maandishi na kwa adabu. Omba namba na daraja la usajili, eleza tarehe uliyoanza kuuza, taja kwamba mchoro ni wako, kisha pendekeza mkataba wa leseni: wewe unaprinti, chuo kinapata asilimia mnayokubaliana kwa kila tisheti, na sehemu inakwenda kwenye nauli ya timu. Seattle walifanya hivyo na wakaendelea na maisha. Na viongozi wa chuo, kama mnasoma ukurasa huu: msemo wenu umetoka kwa wanafunzi wasiolipwa, ukasambazwa na kijana anayelipa kodi ya kibanda. Kumdai milioni mbili bila kumwonyesha hata namba ya usajili ni kumwonea. Mwiteni mezani.

Habari za kazi Mama Wakili. Sisi ni kikundi cha ushangiliaji cha chuo kimoja mjini Iringa. Tumesikia mambo ya Mbeya, tumeogopa. Msemo wetu tunataka kuuandikisha kabla mtu hajatuwahi. Katibu amejitolea, anasema atauandikisha kwa jina lake halafu ni wa wote. Ni sawa? (Kikundi, Iringa)

Nzuri, wanangu. Si sawa. Cheti cha BRELA kikitoka na jina la katibu, mwenye mali ni katibu, na atakapomaliza chuo ataondoka nayo kihalali. Simtuhumu, pengine ana nia njema kabisa. Lakini nimeona urafiki mwingi ukivunjika kwa mali iliyoandikwa jina moja "kwa niaba ya wote".

Kikundi chenu kwa sasa hakina nafsi ya kisheria, hakiwezi kumiliki kitu. Mkitaka kimiliki, undeni bodi ya wadhamini na kuiandikisha RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, au fungueni kampuni ndogo. Kama hayo ni mazito kwenu, nendeni kwa mlezi wa wanafunzi mkaandikishe kupitia chuo, lakini kwanza mpate makubaliano yaliyosainiwa yanayosema kikundi kitautumia msemo bure na kitagawana mapato ya bidhaa. Hayo makubaliano yaje kabla ya fomu, wala si baada ya cheti kutoka.

Jiulizeni pia mnataka kuuza nini. Usajili ni wa bidhaa au huduma mnazozitaja, na kila daraja lina ada yake. Ukipatikana unadumu miaka 7 ya kwanza, halafu unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Unahusu Tanzania Bara peke yake. Zanzibar wana sheria na msajili wao. Ikiwa mnataka kuimba tu, hamhitaji cheti chochote. Iringa mmekuwa mkiimba bila vyeti siku zote. Klabu yenu ya Lipuli ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, jina lake la utani la Wanapaluhengo lilikwenda nayo hadi Lindi.

Mama Wakili, nafuma skafu hapa Makete. Nimepata wazo la kufuma za zambarau na nyeupe niwapelekee mashabiki wa Mbeya City na wanafunzi wa huko. Jina siandiki. Rangi nazo zina mwenyewe? (Mama wa nyuzi, Makete)

Pole na baridi, dada yangu. Rangi peke yake, zikiwa mistari tu kwenye skafu, ni ngumu sana kwa mtu kuzidai. Tatizo huanza zinapoungana na vidokezo vingine.

Kampuni moja ya Florida, Marekani, Smack Apparel, ilikuwa ikichapa tisheti kwa rangi za vyuo bila kuandika majina yao. Chuo cha Louisiana State, kwa mfano, rangi zake ni zambarau na dhahabu. Kampuni iliweka rangi hizo, ikaongeza maneno kuhusu mataji na matokeo ya mechi ambayo kila shabiki angeyatambua. Vyuo vinne vikashtaki, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikasema vimeshinda, kwa sababu rangi pamoja na vidokezo vilimfanya mnunuzi afikiri bidhaa ni za vyuo. Wewe ukifuma zambarau na nyeupe, uko salama kiasi. Ukiongeza picha ya nyundo, ukaandika majina na misemo ya klabu hiyo kama "Wagonga Nyundo" au "Koma Kumwanya", kisha ukasimama mlango wa Sokoine siku ya mechi, umeingia kwenye eneo lao, na hapo uombe ruhusa ya klabu kwa maandishi kwanza.

Wachoraji hutendewa tofauti kidogo. Chuo cha Alabama kilimshtaki mchoraji Daniel Moore, aliyekuwa akichora matukio ya mechi zao pamoja na jezi walizovaa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilisema michoro yake na nakala zake ni sanaa, na uhuru wa kujieleza unailinda. Ni sheria ya kwao, mahakama zetu hazifungwi nayo. Naitaja kwa kuwa mawakili wetu husoma kesi hizo wanapotafuta hoja.

Fuma, dada. Anza na kwaya na kamati za harusi wanaopenda zambarau, ukikusanya mtaji wa kwenda kuzungumza na klabu.

Mimi ni mshereheshaji, Tukuyu. Naandaa bonanza la vyuo mwezi Julai, lenye tiketi na mabango. Nikiwa na kipaza sauti nikaita msemo wa chuo fulani ili watu waitikie, nadaiwa? (MC, Tukuyu)

Hudaiwi. Kuita na kuitikia si kuuza bidhaa, na hakuna sheria ya alama inayoziba mdomo wa mtu jukwaani. Waite mpaka sauti ikauke.

Ila umesema bonanza lina tiketi na mabango. Bonanza lenyewe ukilipatia jina la msemo huo, hiyo ni huduma ya burudani, na hapo daraja la 41 linaanza kukuhusu. Kabla hujapeleka kazi kwa mchapaji, nitumie jina unalotaka kuliandika kwenye tiketi nikuangalizie. Julai si mbali.